Mkono Ushikao Mkasi

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya vyombo vya baharini, lakini katika zama zetu yazistahili mno picha za senema. Mtazamaji huketi akatazama kitambaa cheupe au kioo cha televisheni. Watu hulia, hucheka, hupigana na kusameheana mbele yake, naye huyapokea hayo yote kama ayapokeavyo mambo ayaonayo njiani. Husahau kwamba kila chozi lilipangiwa mahali pake na kila kicheko kilipimwa urefu wake. Insha hii, msomaji, yataka kukuonyesha mbao na misumari ya chombo hiki: jinsi onyesho moja la senema liundwavyo, nani hulicheza na nani hulimaliza. Kisha yataka kukusimulia kisa cha kweli cha mtu mashuhuri aliyecheza kwa moyo safi, akaja kuona kazi yake imegeuzwa kuwa ushahidi juu ya watu wa asili yake.

Tuanze na tofauti iliyopo baina ya mchezo wa jukwaani na mchezo wa senema. Jukwaani mchezaji na mtazamaji hukutana uso kwa uso. Mchezo ukianza huenda mbele hadi mwisho wake, kama mto uendavyo baharini. Mchezaji akikosea, hukosea mbele ya watu; akifanikiwa, hupigiwa makofi papo hapo; wala hakuna mtu wa tatu awezaye kuingia kati yake na macho ya watazamaji akalibadili tendo lake. Hivyo ndivyo alivyokuwa pia mtambaji wa hadithi za kale kando ya moto. Sauti ilikuwa yake, kunyamaza kulikuwa kwake, na mwisho wa hadithi ulikuwa mikononi mwake.

Senema haiendi hivyo. Chukua mfano wa onyesho dogo kabisa: mama mzee aletewa barua mlangoni, aifungua, aisoma, kisha aketi kimya. Katika kioo onyesho hili halizidi dakika mbili. Lakini tazama linavyopatikana. Kwanza kamera husimama mbali ikapiga picha ya nyumba, njia na tarishi ajaye. Kisha husogezwa karibu, na mambo yale yale huchezwa tena tangu mwanzo. Kisha huletwa karibu zaidi ikapiga uso wa mama peke yake. Mwisho hupigwa picha ya barua iliyo mkononi, na yawezekana kabisa kwamba mkono ule ni wa mwanamke mwingine, kwa sababu mama yule amekwisha kwenda zake nyumbani. Baina ya picha moja na ya pili mafundi huhamisha taa, hupima nuru, hungoja wingu lipite au gari linalonguruma lifike mbali. Kwa hiyo dakika mbili za mtazamaji huweza kula siku nzima ya wafanya kazi.

Tena, maonyesho hayachezwi kwa utaratibu wa hadithi. Ikiwa nyumba moja yahitajika mwanzoni na mwishoni mwa kisa, maonyesho yote ya nyumba ile hupigwa kwa pamoja, ili gharama ya kuikodi isilipwe mara mbili. Hivyo mwigizaji huweza kutakiwa kumlilia marehemu siku ya Jumatatu, ilhali siku ya Alhamisi ndipo atakapocheza onyesho la kukutana na marehemu huyo kwa mara ya kwanza. Pana karani maalumu ambaye kazi yake ni kuandika kila jambo: kikombe kilishikwa kwa mkono gani, kifungo kipi cha shati kilikuwa wazi, mshumaa ulikuwa umeungua kiasi gani. Bila ya karani huyo vipande havitaafikiana, na mtazamaji ataona mtu akiingia mlangoni na kofia, akatokea upande wa pili kichwa wazi.

Basi kazi ya mwigizaji wa senema ina ugumu wake peke yake. Jukwaani mchezaji hupaza sauti na kukunjua mikono ili aliyeketi nyuma kabisa amwone na kumsikia. Mbele ya kamera ukubwa huo huwa kichekesho, maana uso wake utatandazwa ukawa mkubwa kama ukuta. Kupepesa kwa ukope kwatosha kusema uongo, na pumzi moja yatosha kusema huzuni. Mwigizaji mwema hujifunza kupunguza. Hujifunza pia kuihifadhi hadithi nzima moyoni, ili aambiwapo acheze kipande kidogo tu cha katikati, ajue ametoka wapi na anakwenda wapi. Hata hivyo, akiisha kucheza, kazi yake humtoka mikononi. Mchezaji wa jukwaani hupika chakula na kukipakua mwenyewe. Mwigizaji wa senema huleta nyama, chumvi na mafuta, kisha akaenda zake. Mpishi ni mtu mwingine.

Mpishi huyo ndiye mhariri wa picha, afanyaye kazi chini ya amri ya mwongozaji na ya mwenye mali. Katika siku za utepe wa filamu alikuwa na mkasi na gundi, akikata kipande hapa na kukiunga pale. Siku hizi mkasi ni kompyuta, lakini kazi ni ile ile.

Senema haikuzaliwa na mkasi. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walipowaonyesha watu picha zao kwa malipo mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, kila picha ilikuwa kipande kimoja kisichotimia dakika moja: wafanya kazi watoka kiwandani, mtunza bustani amwagiwa maji, mtoto mchanga alishwa. Kamera ilisimama mahali pamoja, na kilichopita mbele yake ndicho kilichoonekana. Miaka haikuwa mingi kabla ya watu kugundua kwamba vipande viwili vikiungwa huzaa maana ya tatu, isiyokuwamo katika kipande hiki wala kile.

Jambo hili lilichunguzwa sana nchini Urusi baada ya mapinduzi ya mwaka 1917. Huko Moscow alikuwako mwalimu kijana aliyeitwa Lev Kuleshov. Mwanafunzi wake, Pudovkin, ambaye baadaye alikuwa mwongozaji mkubwa, alisimulia jaribio lao moja. Walichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso mtulivu usioonyesha furaha wala huzuni. Wakaiunga picha hiyo na bakuli la mchuzi. Kisha wakaiunga na maiti ya mwanamke katika jeneza. Kisha na mtoto achezaye na dubu wa kuchezea. Watazamaji waliusifu ustadi wa mwigizaji: jinsi alivyoutazama mchuzi kwa mawazo mazito, alivyomtazama maiti kwa simanzi, na alivyomfurahia mtoto. Kumbe uso ulikuwa mmoja, haukubadilika hata kidogo. Yaliyobadilika ni jirani zake.

Lifikiri sana jaribio hili, msomaji, maana limebeba heri na hatari. Ikiwa uso wa mtu waweza kutiwa njaa, huzuni au furaha ambayo hakuwa nayo, basi waweza pia kutiwa utii asioutii na heshima asiyoitoa. Mwigizaji aweza kucheza jambo moja, na watu wakaona jingine. Hili si jambo la kukisia. Lilitokea London katika miaka ya 1934 na 1935, na mtu mmoja wa Kenya alikuwapo.

Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, Marekani. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka, akawa mchungaji wa kanisa. Robeson alisoma sheria, lakini Mungu alikuwa amempa sauti nzito ya ajabu na umbo la kifalme, na vipaji hivyo vikampeleka katika nyimbo na michezo. Mwaka 1930 alicheza Othello wa Shakespeare mjini London, akasifiwa sana. Akiwa katika mji huo alianza kuitafuta asili yake. Aliingia katika chuo cha London kilichofundisha lugha za Mashariki na za Afrika, akajifunza, pamoja na mambo mengine, Kiswahili. Alitaka ulimwengu ujue kwamba Afrika ina utamaduni wake na kwamba hakuna haja ya kuuonea haya.

Katika hali hiyo ndipo alipoitwa na ndugu wawili wenye asili ya Hungaria, Alexander Korda, mwenye kampuni ya London Films, na Zoltan Korda, mwongozaji. Walikuwa wakitengeneza picha iitwayo Sanders of the River, iliyotokana na hadithi za Edgar Wallace. Zoltan alikuwa amekaa Afrika miezi kadha na mafundi wake, akapiga picha za ngoma, mitumbwi, mito na vijiji, na kunasa nyimbo za wenyeji. Robeson alipooneshwa picha hizo na kusikilizishwa nyimbo hizo, moyo wake ulifurahi. Aliona kwamba hatimaye watu wa Ulaya na Marekani wataiona Afrika kama ilivyo. Akakubali kucheza sehemu ya Bosambo, mtawala Mwafrika.

Robeson hakupelekwa Afrika kwa kazi hiyo. Kijiji cha Kiafrika kilijengwa Shepperton, karibu na mto Thames, chini ya mawingu ya Uingereza. Ilihitajika halaiki ya watu weusi wa kukijaza kijiji hicho, nao walikusanywa katika bandari za Uingereza na miongoni mwa wanafunzi na wageni waliokuwa London. Mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta. Alikuwa amefika Uingereza kupeleka malalamiko ya watu wake kuhusu ardhi; alikuwa akisoma, na mkono wake ulikuwa mtupu. Alicheza sehemu ndogo ya mmoja wa machifu. Hebu lione jambo hilo kwa macho ya fikira: mtu aliyevuka bahari ili kudai haki za nchi yake avikwa mavazi ya chifu wa kubuni na kuwekwa mbele ya Bwana Shauri wa kubuni, ili amsikilize kwa adabu. Haikutimia miaka 30 tangu siku hiyo kabla hajawa Waziri Mkuu wa Kenya mwaka 1963, na Rais wake mwaka 1964.

Picha ilipotolewa mwaka 1935, hadithi yake ilikuwa hii. Sanders, Bwana Shauri wa Kiingereza katika Nijeria, atawala nchi kubwa ya mto kwa busara na ukali. Aondoka likizo, na uvumi waenea kwamba amekufa. Mara watu wote warudia vita na mauaji, kana kwamba amani yao yote ilikuwa pumzi ya mtu mmoja. Bosambo na mkewe watekwa na mfalme mwovu. Sanders arudi kwa meli yake, awaokoa, na ampa Bosambo ufalme kama mwalimu ampavyo mtoto mtiifu zawadi. Maneno yaliyotangulia picha yaliwasifu maofisa wachache wa Kiingereza waliolinda mamilioni ya watu. Robeson alieleza baadaye kwamba sura hiyo ya kuutukuza ukoloni iliingizwa mwishoni mwa kazi, katika kuikata na kuiunganisha picha, na kwamba hiyo haikuwa picha aliyodhani anaicheza.

Tuchungulie mkasi ulifanya nini. Ngoma na mitumbwi iliyopigwa Afrika ilikuwa ya kweli: watu wa kweli wakifanya mambo yao kwa sababu zao wenyewe. Maonyesho ya Shepperton yalikuwa ya kubuni. Vipande vya aina hizi mbili vilifumwa pamoja hata mtazamaji asiweze kuuona mshono. Matokeo yake yalikuwa kwamba ukweli wa ngoma uliazimwa kuutia nguvu uongo wa hadithi. Watu waliocheza katika furaha ya kijiji chao, kwa sababu ya kipande kilichotangulia na kile kilichofuata, walionekana kuwa washenzi wajiandaao kwa vita. Nao hawakuulizwa, wala hawakujua. Walikuwa kama uso ule wa Mosjoukine: waliwekewa jirani wasiowachagua.

Picha ilipata fedha nyingi, na Robeson akapata lawama nyingi. Marcus Garvey, mtetezi mkubwa wa watu weusi, alikuwa miongoni mwa waliomlaumu. Ni haki kuuliza kama lawama hiyo ilimstahili. Yuko atakayesema kwamba hadithi za Wallace zilijulikana tangu kale kuwa ni za kuwasifu watawala, na kwamba mtu mwenye elimu kama Robeson alipaswa kujua nyama inayopikwa katika chungu kile. Neno hilo lina uzito. Lakini mwenye kumhukumu na akumbuke pia hali ya mwigizaji: huletewa kurasa chache kwa siku, huchezeshwa vipande visivyofuatana, na huiona picha kamili pamoja na watu wengine wote, wakati ambapo hakuna tena la kufanya. Robeson mwenyewe hakujificha nyuma ya udhuru huo. Aliikana picha ile waziwazi, na maisha yake yaliyofuata yaonyesha kwamba alikuwa amelitambua kosa lilipokaa.

Maana tazama alichokifanya mwaka uliofuata. Alipotakiwa kucheza picha iitwayo Song of Freedom, ya mwaka 1936, hakudai mshahara mkubwa tu. Alidai katika mkataba wake haki ya kuikubali au kuikataa picha ikiisha kuunganishwa. Katika siku hizo haki kama hiyo ilikuwa adimu kwa mwigizaji ye yote, sembuse mwigizaji mweusi. Katika picha hiyo alikuwa mfanya kazi wa bandarini London, mtu wa heshima mwenye mke na jirani wanaompenda, ambaye sauti yake yamfanya mwimbaji mkubwa na ambaye moyo wake wamvuta kuitafuta nchi ya wazee wake. Picha haikukosa kasoro, lakini ilimwonyesha mtu mweusi kama mtu. Tofauti ya Robeson wa 1935 na Robeson wa 1936 haikuwa katika sauti wala katika ustadi. Ilikuwa katika kifungu kimoja cha maandishi kilichomsogeza karibu na mkasi.

Hata hivyo, haki ya kukataa ni ndogo kuliko uwezo wa kuunda. Mwenye haki ya kukataa aweza kusema "hapana" kwa kilichopikwa na wengine. Hawezi kuchagua kitakachopikwa. Mwaka 1942, baada ya kucheza picha nyingine ya Marekani iliyowadhihaki watu weusi, Robeson alizipa kisogo senema za Hollywood, akarudi katika nyimbo na jukwaa, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa tatu.

Turudi sasa katika Afrika ya Mashariki, maana mkasi ulifika huku pia. Mwaka ule ule wa 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza walianza jaribio la kutengeneza picha za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Mpaka jaribio lilipokwisha mwaka 1937, zilikuwa zimetengenezwa picha 35, zikachukuliwa kwa lori na kuonyeshwa vijijini, Kenya ikiwamo. Waliocheza walikuwa Waafrika. Lakini utepe wa picha haukuwa na sauti; maneno yalitiwa katika sahani za santuri, yakapigwa pamoja na picha kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadha. Kwa hiyo mtu wa Usambara aliyecheza onyesho aliweza kuwekewa kinywani maneno ya lugha asiyoijua. Wenyeji walishirikishwa katika kazi nyingi, lakini shabaha ya kila picha iliamuliwa na wageni.

Katika miaka ya kwanza ya 1950 zilifuata picha za hadithi za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika na kampuni ya Afrika Kusini kwa mapatano na serikali. Maarufu miongoni mwao ni Muhogo Mchungu. Nyota wake alikuwa kijana mtumishi wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa. Watu walimpenda, jina lake likaenea. Kawawa naye hakudumu mbele ya kamera. Aliingia katika vyama vya wafanya kazi na siasa, akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Hivyo viongozi wawili wa nchi mbili jirani, Kenyatta na Kawawa, walipata kusimama mahali palipopangwa na wageni na kusema au kutenda waliyoandikiwa. Wote wawili baadaye walichagua mahali ambapo waliweza kuyaandika maneno yao wenyewe.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, katika mkesha wa uhuru. Kwa miaka mingi vilivyoonyeshwa vingi vilitoka ng'ambo, lakini polepole michezo ya hapa ikapata kiti chake sebuleni. Bila shaka umewasikia wazazi wako wakiitaja Vitimbi. Ndani yake Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana na taifa zima kwa jina la Mzee Ojwang. Alikuwa Mkikuyu kwa kuzaliwa, lakini mzee aliyemwigiza alisema Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo. Robeson aliigiza Mwafrika mbele ya watazamaji wengi ambao hawakupata kumjua Mwafrika. Hapakuwa na wa kumsahihisha mwenye picha. Wanjau aliigiza Mjaluo mbele ya Wajaluo wenyewe, jirani na wafanya kazi wenzake, ambao wangemkataa siku hiyo hiyo kama mchezo wake ungekuwa wa dharau. Walimpenda. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee, nami naongeza kwamba mcheza kwao hupimwa pia, na kipimo hicho humlinda na uongo.

Baadaye Wakenya waliushika mkasi wenyewe. Mwaka 1992 Anne Mungai alitoa picha ya Saikati, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuongoza picha ndefu ya hadithi. Kisa chake ni cha msichana wa Kimaasai apendaye masomo, ambaye jamaa zake wataka kumwoza. Mwaka 2012 ilitoka Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Gitonga. Yasimulia habari ya kijana wa kijijini aliyekwenda mjini kwa shauku ya kuwa mwigizaji, akajikuta kati ya jukwaa na genge la wezi. Joseph Wairimu, aliyemwigiza kijana huyo, alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo. Zitazame picha hizi ukikumbuka kijiji cha Shepperton, utaona umbali uliotembewa.

Lakini nisingekuwa mkweli kama ningekuacha na dhana kwamba mkasi ukiwa katika mkono wa mwenyeji basi umekuwa mtakatifu. Msumeno hukata mbele na nyuma. Mwenyeji naye aweza kumdhihaki jirani yake wa kabila jingine, kumfanya maskini kichekesho, au kukata nusu ya maneno ya mtu na kuacha nusu imwaibishayo. Ujirani hupunguza hatari hiyo kwa sababu aliyeonewa yu karibu na aweza kujibu, hauiondoi kabisa. Kinachotakiwa ni mkono wa mtu mwadilifu, na uadilifu haupatikani kwa rangi wala kwa kabila.

Neno hili lakuhusu wewe zaidi ya lilivyowahusu wazazi wako. Katika siku za Robeson kamera moja ilikuwa mali ya kampuni kubwa, na chumba cha kukatia picha kilikuwa na mlango na ufunguo. Leo simu ndogo ina kamera, mkasi na jumba la maonyesho kwa pamoja. Huenda umekwisha kumpiga picha mwenzako, ukakata mwanzo na mwisho, ukawapelekea watu kipande cha katikati wakacheka. Siku hiyo ulikuwa mwongozaji, mhariri na mwenye kampuni, na mwenzako alikuwa yule mcheza ngoma asiyejua amewekewa jirani gani.

Kwa hivi nakupa maswali matatu ya kuchukua kila utazamapo picha, iwe ya hadithi au ya habari. Kabla ya kipande hiki kulitokea nini ambacho sikuonyeshwa? Nani aliyechagua kipande kilichofuata? Na mtu huyu nimwonaye, akiketi kando yangu akajitazama, atasema kwamba huyu ndiye yeye? Ukiwa mtazamaji, maswali haya yatakufanya mgumu wa kudanganywa. Ukiwa mwigizaji, yatakufanya usome mkataba wako kabla ya kuvaa mavazi ya mchezo. Na siku utakaposhika mkasi wewe mwenyewe, yaulize kabla hujakata, maana utepe ukatikao waweza kuungwa tena, lakini jina la mtu likiisha kukatwa mbele ya watu haliungiki kwa urahisi.